Bwawa la tope la mgodi likikauka juu sio kwamba limekufa

Juzi kijiweni Ngamiani, kahawa na kashata mkononi, mzee mmoja akasema bwawa la tope la mgodi, lile la kuwekea mabaki ya kusafisha madini, likishakauka juu na majani yakaota basi limekufa, hata watoto wacheze mpira tu. Hii imani ya siku nyingi na mimi nilikua nayo, ila sio kweli jamani.

Brumadinho kule Brazil bwawa lilikua halipokei tope tena, juu nyasi tupu, tarehe 25 Januari 2019 likabomoka ghafla watu 270 wakafa. Hapa kwetu mgodi wa almasi wa Mwadui ukuta wa bwawa kama hilo ulipasuka Novemba 2022, bahati hakufa mtu.

Shida iko ndani. Nenda ufukweni Raskazone hapa Tanga maji yakikupwa, kanyagakanyaga mchanga mbichi sehemu moja, ulikua mgumu mara unakua uji, yani maji yamebanwa kati ya chembe na yanazisukuma zisishikane. Tope ndani ya bwawa nalo linaweza kua hivyohivyo. Ndo maana wanafukia sensa inaitwa piezomita, inapima presha ya hayo maji, nyingine zinapima ukuta unainama kiasi gani, hata setelaiti zinaona ukisogea milimita kadhaa tu.

Ila nazo msiziabudu, Brumadinho kulikua na vipimo na rada na bado ukuta haukuonyesha dalili kubwa ya kusogea kabla ya kubomoka.

Mzee akanywa kahawa yake, akauliza, sa betri za hizo sensa huko juu ya tope anabadilisha nani? Nikamwambia mafundi wa mgodi, kama wanakwenda.