Fistula haikuanzishii dayalisisi

Wiki hii nimeulizwa tena: "Sista, kwa nini nipasuliwe mkono na mimi bado natembea, nakula, nakwenda kazini?" Aliyeuliza kreatinini yake, taka ya kwenye damu inayoongezeka figo zikichoka, imekuwa ikipanda kila akipimwa, na ameshaandikiwa rufaa kwa daktari wa upasuaji. Haendi, kwa sababu anaamini akikubali fistula, yaani kuunganishwa mishipa miwili ya damu mkononi, amekubali mashine ya dayalisisi, ile inayosafisha damu badala ya figo. Imani hii nimeichoka, maana naona inavyowaumiza watu.

Kinachokupeleka kwenye mashine ni figo zako. Ni kichefuchefu kisichoisha, maji kujaa mapafuni, potasiamu kupanda mpaka moyo unakuwa hatarini. Hayo yatakuja au hayatakuja, uwe umepasuliwa mkono au hujapasuliwa.

Mashine huvuta mililita 300 za damu au zaidi kila dakika, kwa saa nne hivi, na wengi huja mara tatu kwa wiki. Vena ya kawaida ya mkononi, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, haina damu ya kiasi hicho, ukiilazimisha inanywea. Ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, inayo, lakini imejificha ndani na si ya kuchomwachomwa. Mwaka 1966 Brescia, Cimino na wenzao huko New York walichapisha njia ya kuziunganisha hizo mbili karibu na kifundo cha mkono. Damu ya ateri inaingia kwenye vena kwa nguvu, vena inatanuka, ukuta wake unakuwa mnene, na baadaye inahimili sindano kubwa za dayalisisi.

Hiyo "baadaye" ndiyo isiyosikika. Mambo yakienda vizuri ni wiki sita hivi, mara nyingi ni miezi miwili au mitatu. Na kuna fistula zisizokomaa kabisa: zinaziba, au mshipa unabaki mwembamba, mgonjwa anarudi kupasuliwa upya. Kwa hiyo daktari akikutajia mkono miezi sita kabla, hajakuharakisha. Amehesabu na uwezekano wa kushindwa.

Aliyekataa tunampokea usiku, anahema, miguu imevimba, na hapo hakuna la kujadili: anawekwa katheta, mrija wa kupitishia damu ya mashine, shingoni. Katheta siisemi vibaya, imeokoa wengi mbele ya macho yangu. Lakini ncha yake inakaa karibu na moyo, na bakteria wakipita kwenye mrija ule wameshaingia kwenye damu. Mtu yuko kwenye mashine, mara anaanza kutetemeka meno yakigongana, homa inapanda. Ikikaa sana, inaweza pia kuubana mshipa mkubwa wa kifuani, na fistula utakayotengenezewa upande huo ikakusumbua.

Sasa jambo linaloniudhi kuliko yote, na hapa nawasema hata wauguzi wenzangu. Mgonjwa anakubali, anafika kwa daktari wa upasuaji, vena za mkono zimeshaharibika kwa kanula, zile sindano za dripu, alizochomwa kila alipolazwa. Ukishaambiwa figo zinashuka, chagua mkono usiouandikia na uulinde. Damu itolewe mgongoni mwa kiganja, dripu vilevile. Muuguzi akikuvutia mkono kwa haraka zake, mwambie: huu hapana. Akikasirika, akasirike.

Ukishapasuliwa, weka ncha za vidole juu ya kovu asubuhi na usiku. Utasikia mtetemo, kama paka anayekoroma ukimshika ubavuni. Usipousikia, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana iliyoziba ikiwahiwa huenda ikazibuliwa. Mkono huo haupimwi presha, haulaliwi, haubebeshwi mkoba kwenye kiwiko.

Mengine kwa ufupi. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ipate mapema, mwili huipokea vizuri zaidi kabla figo hazijachoka kabisa. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni acha, zinaumiza figo. Na uliza kuhusu dayalisisi ya tumboni, inayosafisha damu kwa maji yanayowekwa tumboni, ambayo haihitaji fistula.

Kuna mambo ambayo hata sisi hatuna uhakika nayo. Mpira wa kuminya tunawapa wagonjwa wote, ila ushahidi kwamba unaikomaza fistula ni hafifu. Na wanaosema dayalisisi isianze mapema mno wana hoja: utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba walioanzishwa mapema hawakuishi zaidi ya waliosubiri dalili. Mimi nakubali kabisa, mashine isubiri. Mkono ndio nisiokubali usubiri.

Isipokuwa kwa mzee sana ambaye figo zake zinashuka polepole. Huyo anaweza kufariki kwa ugonjwa mwingine kabla fistula haijachomwa hata sindano moja, na tutakuwa tumempasua bure. Kwake sina kanuni. Tunakaa naye na watoto wake, tunaangalia vipimo vya mwaka mzima, na akisema hataki kupasuliwa, simbishii.