Vumbi la mbao lililoanikwa siku tatu likabaki bichi

Mama mmoja anayetengeneza mkaa mbadala pale Lindi mjini alinipokea kwa lawama: "Mwanangu, ninyi watu wa maabara si mlisema kitu kidogo hukauka upesi? Njoo basi uone."

Uani kulikuwa na maturubai mawili. Moja lilikuwa na maranda, yale yanayojikunja kama maganda ya viazi. Ukiyafumbata yanavunjika kwa mlio. La pili lilikuwa na rundo la vumbi la msumeno, kimo chake kinafika gotini. Juu lilikuwa kavu kabisa. Nilipozamisha mkono hadi kiwiko, nikakuta ndani kuna unyevu, tena joto. Vyote vilitoka karakana moja, vikaanikwa siku moja.

Mama alikuwa na haki ya kulalamika, ila na sisi hatukumdanganya.

Mbao imejengwa kwa vijumba vidogo sana, na kuta zake zina selulosi nyingi, kitu kinachopenda maji. Maji yaliyomo matunduni hutoka kwa urahisi. Unyevu ukishuka hadi karibu asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, hayo huwa yamekwisha, yanabaki yale yaliyong'ang'aniwa na kuta zenyewe. Haya hujipenyeza polepole kutoka penye maji mengi kwenda penye machache. Mjerumani Adolf Fick aliuwekea mwendo wa namna hiyo kanuni mwaka 1855, na kutokana nayo tunajua jambo ambalo wengi hulikosea: unene ukizidi mara mbili, muda wa kukauka hauzidi mara mbili, unazidi mara nne. Kipande cha sentimita 1 kikilinganishwa na punje ya milimita 1, tofauti inafika mara 100.

Kwa hesabu hiyo punje moja ya vumbi ni kazi ya muda mfupi mno. Tatizo ni kwamba haikuwa peke yake. Vumbi hushikana, nafasi kati ya punje na punje ni finyu, upepo haupiti. Hewa iliyonaswa humo hushiba mvuke, na maji yanayotoka kwenye punje hii yananyonywa na jirani yake. Rundo zima linakuwa kama gogo moja nene. Lile joto ni la vijidudu vilivyokwisha anza kuozesha. Maranda yana mapengo, kusi inapita katikati yake itakavyo.

Tulilitandaza vumbi, unene wa kidole, tukaligeuza kwa reki asubuhi na mchana, na jioni tukalifunika kuzuia umande. Halikuhitaji siku tatu nyingine.

Wachongaji wa mpingo wanaijua shida hii kwa upande wake wa pili. Mpingo ni mzito, maji hutoka kwa shida, na hupita haraka zaidi kwa kufuata nyuzi kuliko kuzikata. Kwa hiyo ncha za gogo hukauka na kusinyaa wakati moyo bado umejaa maji, kisha gogo linapasuka. Kupaka nta au rangi ya mafuta kwenye ncha ni kuyachelewesha maji makusudi.

Sasa, ukubwa wa punje unaamua kasi tu. Kiasi cha maji kitakachobaki mwishoni kinaamuliwa na hewa. Penye unyevunyevu wa hewa wa asilimia 80, mbao hutulia karibu na asilimia 16, iwe vumbi au boriti. Tofauti ni kwamba boriti itachukua miezi kufika hapo. Nilimwambia mama yule asiache vumbi lake la Julai kwenye kiroba kilicho wazi hadi mvua za Februari, kwa sababu kile kinachokauka upesi ndicho pia kinachorudisha maji upesi. Akaniuliza kama mapipa ya plastiki yenye mfuniko yanafaa. Yanafaa, ila vumbi lipoe kwanza kabla ya kufunikwa.