Kichwa cha mtoto kinakua vipi? Maswali ya akina mama wa Mwanza

Kliniki ya watoto, iwe Igoma au Nansio, mazungumzo ya benchini ni uzito. Mtoto ananing'inizwa kwenye mzani, analia, mama anachungulia: ameongeza? Kichwa hakina anayekiuliza, mpaka siku jirani aropoke, "Mama Neema, mbona kichwa cha huyu kimezidi?" Usiku huo mama halali.

Kwani kichwa kinapimwa ili iweje?

Fuvu la mtoto mchanga ni vipande vya mfupa ambavyo bado havijaungana. Ubongo unapokua unavisukuma, na kichwa kinatanuka. Ukizungusha futikamba kwa nje, unapata habari za ndani.

Naweza kupima mwenyewe nyumbani?

Unaweza, ila kipimo cha kutegemea ni cha muuguzi. Futikamba iwe ya kujikunja lakini isiyovutika. Ile ya fundi cherehani iliyotumika miaka kumi imeshalegea, itakudanganya. Mvue kofia, fumua na vile visuko. Mama ampakate, wewe zungusha: mbele juu kidogo ya nyusi, pembeni juu ya masikio, nyuma pale kisogo kilipotokeza zaidi. Kaza kiasi cha kulaza nywele. Soma, legeza, rudia hadi mara tatu, andika namba kubwa kuliko zote. Kosa ninaloliona sana ni futi kuteleza nyuma na kushuka shingoni. Hapo sentimita nzima inapotea, na mwezi ujao mtu mwingine akipima vizuri, mtoto anaonekana kichwa kimefumuka ghafla.

Kawaida ni sentimita ngapi?

Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na mzunguko wa kichwa wa karibu sentimita 34 au 35. Miezi mitatu ya kwanza huongeza kama sentimita 2 kwa mwezi, miezi mitatu inayofuata kama 1, kisha nusu hivi kila mwezi mpaka mwaka. Akifikisha mwaka wengi wako kwenye 45 au 46, wavulana wakiwazidi wasichana kidogo. Njiti huhesabiwa kwa tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Na kama kichwa kilirefuka wakati wa kuzaliwa, kipimo cha siku ile kirudiwe baada ya siku chache.

Wa kwangu ana 42 na ana miezi mitatu tu. Niogope?

Sijui mpaka nione namba za nyuma. Tuseme kuna wavulana wawili, wote wana 42 leo. Wa kwanza alizaliwa na 36, mwezi wa kwanza akawa na 38.5, wa pili 40.5, sasa 42. Huyo ana kichwa kikubwa tangu mwanzo na anafuata mstari wake. Mpime na baba yake, huenda jibu liko hapo. Wa pili alizaliwa na 34, akaenda 36.5, 38.5, halafu ghafla 42. Sentimita tatu na nusu kwa mwezi mmoja! Huyu aonwe na daktari wiki hiihii, hata kama anacheka na kunyonya vizuri.

Ndiyo maana naomba namba ziandikwe kila mwezi. Kadi ikikosa mahali pake, muuguzi aandike pembeni.

Utosi wake unadunda. Ni ugonjwa?

Hapana, ni mapigo ya damu. Utosi wa mbele kwa kawaida hufunga kati ya miezi 12 na 18, wengine hadi miaka miwili. Usiusiribe dawa wala kuukandamiza. Haufungwi kwa mkono. Ukibonyea wakati mtoto anaharisha, amepungukiwa maji. Ukivimba na kukaza akiwa ametulia, tena ameketishwa, nenda hospitali.

Dalili zipi hazingoji kliniki ijayo?

Utosi uliovimba hivyo, kutapika mara kwa mara, degedege, usingizi usio wa kawaida, mishipa ya kichwani iliyotuna, na macho yanayotazama chini kama jua linalozama ziwani. Huenda maji yamejaa ndani ya kichwa. Wataalamu huweza kuyaelekeza tumboni kwa mrija mwembamba, au kuyafungulia njia humohumo kichwani. Kwa kanda yetu rufaa kubwa ni hospitali ya Bugando, Mwanza mjini. Anayetoka visiwani asingoje kichwa kikue zaidi ndipo atafute nauli ya meli: ubongo unabanwa kila siku.

Majirani wanasema ni kurogwa.

Huko Mbale, Uganda, madaktari walipochunguza watoto wao waliojaa maji kichwani, zaidi ya nusu walikuwa wamepata kwanza maambukizi. Kwa hiyo homa ya mtoto mchanga, au kitovu kinachotoa usaha, si ya kusubiri kesho. Wengine huzaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga vizuri tumboni, na maji hujaa kichwani pia. Vidonge vya foliki asidi, vikianzwa kabla ya mimba, hupunguza hatari hiyo.

Na kichwa kikiwa kidogo?

Udogo peke yake si neno, hasa kwa familia yenye vichwa vidogo. Kinachotafutwa ni kichwa kilichosimama: miezi miwili mitatu futi inasoma palepale, huku mwili unaongezeka. Huyo naye aende kwa daktari, na kadi yake mkononi.