Nyumba ya Kiviktoria ni nyumba ya namna gani?

Nyumba ya Kiviktoria ni ile iliyojengwa enzi za Malkia Victoria wa Uingereza, yaani kati ya 1837 na 1901. Jina linataja zama, si mtindo mmoja. Nyumba za matofali za London, zilizopangana ukuta kwa ukuta, huitwa hivyo. Na zile za mbao zenye rangi nyingi za San Francisco pia, ingawa malkia huyo hakuitawala Marekani.

Ninayoipenda kuliko zote ni namba 18, Stafford Terrace, Kensington, London. Mwaka 1875 alihamia humo Linley Sambourne, mchora katuni wa jarida la Punch, pamoja na mkewe Marion. Kwa nje imefanana na za majirani. Ukiingia ndani ndipo unaposhangaa: vioo vya rangi madirishani, picha zimebanana ukutani fremu kwa fremu, na bafu la marumaru ambalo mwenye nyumba alilitumia pia kusafishia picha zake za kamera.

Sambourne alifariki 1910, Marion akamfuata 1914. Mwana wao Roy, ambaye hakuoa, alikaa humo hadi kifo chake mwaka 1946 na karibu hakugusa kitu. Hiyo ndiyo bahati kubwa ya nyumba hiyo, maana miaka ile vitu vya Kiviktoria vilidharauliwa na majengo mengi yakavunjwa. Mjukuu wa Sambourne, Anne, mwenye cheo cha kikabaila cha Countess of Rosse, hakukubali. Mwaka 1958, ndani ya nyumba hiyohiyo, ilianzishwa Victorian Society, chama cha kutetea majengo ya zama hizo. Hakikushinda kila mara: lango kuu la stesheni ya treni ya Euston, London, lilianza kubomolewa mwishoni mwa 1961. Nyumba yenyewe ilinunuliwa na serikali ya jiji mwaka 1980, na sasa ni makumbusho.

Kuhifadhi, kwa nyumba kama hii, si kuirudisha ing'ae kama mpya. Ni kuiacha na alama za waliokaa humo. Sambourne alipenda vitu vizuri kuliko mfuko wake ulivyoruhusu. Alipobandika sebuleni karatasi ghali ya ukutani, yenye sura ya ngozi, aliibandika palipoonekana tu. Nyuma ya picha aliiacha ile ya zamani.