Kula isivyostahili: Paulo alikuwa anawakemea akina nani?

Ibada yenye Meza ya Bwana ikikaribia, swali ni lilelile kila mara, maneno tu ndiyo hubadilika: mwalimu, wiki hii sikuenenda vizuri, je, nile au nikae? Wapo pia wasiouliza. Mkate ukianza kugawiwa wanainamisha kichwa, au wanatoka nje kimyakimya. Ukiwadadisi, watakutajia andiko moja: alaye na kunywa isivyostahili "hula na kunywa hukumu ya nafsi yake" (1 Wakorintho 11:29).

Kazi yangu ni kufundisha Agano Jipya, na sidhani Paulo aliandika mstari mwingine uliowaondoa watu wengi mezani kama huo. Kinachonisikitisha ni kwamba unawaondoa watu ambao Paulo hakuwa na ugomvi nao, huku wale aliowakusudia wakiendelea kula bila wasiwasi.

Barua yenyewe iliandikwa Efeso mnamo mwaka 54 au 55. Kwa maoni ya wasomi walio wengi, wakati huo hakuna hata moja ya Injili nne iliyokuwa imeandikwa. Maana yake, masimulizi ya kale zaidi tuliyo nayo ya usiku ule Yesu alipotwaa mkate hayamo katika Injili. Yamo katikati ya karipio. Kama Wakorintho wangekula kwa adabu, huenda Paulo asingetuandikia neno hata moja juu ya Chakula cha Bwana. Katika barua zake nyingine hakisimulii kabisa.

Sasa, kosa lao lilikuwa nini? Uzinzi upo Korintho, tena wa kutisha, lakini Paulo ameshaushughulikia katika sura ya 5 na ya 6. Kesi za mahakamani nazo zimo humohumo katika sura ya 6. Akifika sura ya 11 ana shauri jingine: "huyu ana njaa, na huyu amelewa." Kila mmoja anatangulia kula chakula chake mwenyewe, na walio nacho wanawatahayarisha "wasio na kitu" (11:21-22). Basi. Ndilo kosa lote lililotajwa kabla ya onyo la kula isivyostahili, na ndilo analolirudia baada ya onyo hilo: "mkutanikapo mpate kula, mngojaneni" (11:33). Onyo limewekwa katikati ya chakula kilichonyimwa watu na amri ya kuwangoja watu hao. Kulitoa hapo na kuligeuza kuwa onyo kwa kila mwenye dhamiri inayomsuta ni kulivunja andiko.

Ili tuone uzito wa jambo hili inabidi tuingie kidogo katika nyumba za wakati ule. Korintho ya Paulo ulikuwa mji wa Kirumi. Ule wa kale wa Wagiriki ulibomolewa na Warumi mwaka 146 KK, na Julius Caesar akaufufua kama koloni mwaka 44 KK. Kanisa halikuwa na jengo. Lilikutana nyumbani kwa muumini mwenye nafasi. Chumba cha kulia cha nyumba ya namna hiyo kilitosha watu wachache, walioegemea kwenye vitanda vya kulia, na wengine wote walibaki uani. Isitoshe, mtumwa na kibarua hawakuwa na uhuru wa kupanga saa zao. Walifika kazi ilipowaachia, na kufikia hapo sahani zilikuwa zimeshatembea.

Wala hakuna aliyeona ajabu. Mgeni kulishwa kulingana na cheo chake ilikuwa desturi. Plinio Mdogo, mwanasheria na mwandishi wa Kirumi, anaeleza katika moja ya barua zake karamu aliyoalikwa ambapo mwenyeji aliweka divai ya aina tatu: moja yake na wageni wakubwa, moja ya marafiki wa daraja la chini, na ya tatu ya watumwa walioachwa huru. Plinio aliona ni utovu wa adabu, lakini kwamba ilibidi aseme hivyo kunaonyesha watu walivyokuwa wameizoea. Matajiri wa Korintho hawakubuni uovu mpya. Walikula kama walivyolelewa, tatizo ni mahali walipokuwa wanakula.

Hapa ndipo mauti ya Kristo inapoingia. "Maana kila mwulapo mkate huu na kukinywea kikombe hiki, mwaitangaza mauti ya Bwana hata ajapo" (11:26). Tumeusikia mstari huu mara nyingi mno hata hautushtui tena. Lakini wale waliousikia mara ya kwanza walijua vizuri msalaba ni adhabu ya nani. Raia wa Kirumi kwa kawaida hakusulubiwa. Msalaba ulikuwa wa waasi, wanyang'anyi, na zaidi ya wote watumwa. Warumi wenyewe waliuita adhabu ya watumwa. Baada ya maasi ya watumwa yaliyoongozwa na Spartacus kuzimwa mwaka 71 KK, watumwa wapatao 6,000 walitundikwa kando ya barabara itokayo Capua kwenda Roma. Paulo anajua hilo anapowaandikia Wafilipi kwamba Kristo alitwaa "namna ya mtumwa" na kutii mpaka "mauti ya msalaba" (Wafilipi 2:7-8).

Fikiria basi watu walioketi chumba cha ndani wakitangaza kwa kinywa na kwa kikombe kwamba Mungu amewaokoa kwa kifo cha mtumwa, na uani wamesimama watumwa wenye njaa. Tangazo na meza vinapingana. Ndiyo maana Paulo anasema bila kuzunguka kwamba wakikutana hivyo, wanachokula si chakula cha Bwana (11:20). Angalia kwamba hawalaumu kwa fomula mbaya ya kubariki. Huenda maneno yote yalisemwa sawasawa.

Wenzangu wengi katika fani hii wanabishana kuhusu "kutokuupambanua ule mwili" katika mstari wa 29. Je, ni mwili wa Kristo katika mkate, au mwili wa Kristo ambao ni kanisa? Wa upande wa kwanza wana hoja: mstari wa 27 umetoka kutaja mwili na damu. Wa upande wa pili nao wana ya kwao: mstari wa 29 unataja mwili peke yake, na sura moja nyuma Paulo amesema "mkate ni mmoja" na kwa hiyo sisi tulio wengi tu mwili mmoja (10:17). Mimi naegemea upande wa pili, ingawa sioni sababu ya kuutenga na wa kwanza. Kwa Paulo, anayemdharau ndugu anayekula mkate uleule amemdharau aliye katika mkate.

Halafu upo mstari wa 30, ambao wahubiri wengi wanaokubaliana nami huuruka: kwa sababu hiyo wengi kwenu ni wagonjwa na dhaifu, na wengine wamelala, yaani wamekufa. Hauwezi kulainishwa. Paulo anaamini kwamba Mungu amelirudi kanisa la Korintho. Ila soma mpaka mstari wa 32: wanarudiwa ili wasihukumiwe pamoja na dunia. Ni fimbo ya mzazi, si hukumu ya mwisho; na hasemi kwamba kila aliyeugua ndiye aliyekosa. Anazungumza na kusanyiko kwa ujumla wake.

Turudi kwenye ule usiku wenyewe. Yesu hakuwaachia wanafunzi wake maelezo marefu kwa nini ilibidi afe. Aliwapa chakula, na chakula hicho kilibeba Maandiko ndani yake. Tunazoea kuanzia kwenye Pasaka, na ni sawa, lakini mara nyingi tunaihubiri vibaya. Mwanakondoo wa Kutoka 12 haelezwi kuwa sadaka ya kulipia dhambi. Damu yake ni alama mlangoni, na nyama inaliwa na nyumba nzima usiku wa kufunguliwa kutoka utumwani. Na nyumba ikiwa ndogo kwa mwanakondoo mzima, sheria inasema wamshirikishe jirani (Kutoka 12:4). Wakorintho wangefaidika na mstari huo.

Maneno juu ya kikombe yanatoka kwingine: "Hii ni damu yangu ya agano, imwagikayo kwa ajili ya wengi" (Marko 14:24). Hapo tuko Sinai, Kutoka 24. Musa ananyunyiza nusu ya damu madhabahuni na nusu nyingine juu ya watu, akiiita damu ya agano. Kinachofuata husahaulika: wazee sabini wanapanda mlimani pamoja na Musa na Haruni, wanamwona Mungu, nao wanakula na kunywa (24:9-11). Walitarajiwa kufa, wakaalikwa chakula. Damu ya agano inaishia mezani. Kwa Mathayo kuna nyongeza, "kwa ondoleo la dhambi", na Luka na Paulo wanasema agano ni "jipya", tukikumbushwa ahadi ya Yeremia 31, ambayo kilele chake ni Mungu kusamehe uovu wa watu wake na kutokumbuka dhambi zao tena. "Kwa ajili ya wengi" inaamsha mtumishi wa Isaya 53, aliyechukua dhambi za wengi.

Ukombozi, agano, msamaha, mtumishi ateswaye: yote katika mkate na kikombe. Kanisa baadaye lilijaribu kueleza kifo hicho kinafanyaje kazi. Wengi wa kale walisema ni fidia au ushindi juu ya shetani. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury huko Uingereza, mwishoni mwa karne ya 11, alisema ni heshima ya Mungu iliyorudishwa. Abelard, mwanateolojia Mfaransa wa karne ya 12, aliona upendo unaoamsha upendo. Calvin, mwanamatengenezo wa Geneva katika karne ya 16, na wenzake wakasisitiza adhabu iliyobebwa kwa niaba yetu. Linalonivutia ni kwamba mitaguso mikuu ya kale, yaani mikutano ya maaskofu wa kanisa zima, iliyopigana vikali juu ya Kristo ni nani, haikuweka hata moja ya nadharia hizi kuwa ya lazima. Kanuni ya Imani ya Nikea inasema tu alisulubiwa kwa ajili yetu. Anayeniambia ni lazima nichague moja nizikatae nyingine ananitaka niwe mkali kuliko Nikea.

Mabishano ya namna Kristo alivyomo katika mkate siyapuuzi, lakini nitapita haraka. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ulifundisha kwamba kiini cha mkate na divai hugeuka na kuwa mwili na damu, maumbo ya nje yakibaki. Luther na Zwingli, viongozi wawili wa Matengenezo ya Kiprotestanti, walikutana Marburg, Ujerumani, mwaka 1529, wakakubaliana karibu kila kitu, wakashindwana juu ya Meza. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba andiko lililowatenganisha liliandikwa kwa ajili ya watu wasiokula pamoja.

Hofu ya Meza nayo ina historia ndefu. Mtaguso uleule wa 1215 ulilazimika kuamuru kila muumini apokee angalau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka, kwa sababu wengi walikuwa hawapokei kabisa. Calvin alitaka Meza kila wiki. Wakuu wa Geneva wakamkatalia, wakaipanga mara nne kwa mwaka. Papa Pius X ndiye aliyewahimiza Wakatoliki mwaka 1905 wapokee mara kwa mara, hata kila siku, na mwaka 1910 akawafungulia watoto wa umri wa miaka saba hivi. Makanisa ya Kiorthodoksi yalikuwa yakiwapa hata watoto wachanga muda wote huo, na hakuna aliyewauliza wamejihojije.

Lakini "mtu ajihoji mwenyewe" bado ni amri, wala siifuti. Ninachouliza ni ajihoji juu ya nini. Didake, kitabu cha mafundisho ambacho wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya kwanza, kinawataka waumini waungame makosa yao kabla ya kumega mkate, kisha kinaongeza kwamba mwenye ugomvi na mwenzake asijiunge nao mpaka wapatane. Ni Mathayo 5:23-24 ikiwekwa kazini. Justin Shahidi, akieleza ibada ya Roma mnamo mwaka 155, anaonyesha mlo kamili umeshatoweka, lakini mashemasi wanawapelekea sehemu yao wasiokuwepo, na michango inawatunza yatima, wajane, wagonjwa na wafungwa. Mlo uliondoka, wasio na kitu hawakuondolewa.

Kwa hiyo anayeniuliza ale au akae namjibu kwa kumuuliza: kinachokukalisha ni nini? Akisema ni aibu ya dhambi anayoijutia, namwelekeza kwenye kikombe chenyewe, kwa kuwa ndicho kinachosema damu imemwagika kwa ondoleo la dhambi. Kama ni Mkatoliki mwenye dhambi ya mauti, kanisa lake linamtaka aungame kwanza; njia hiyo nayo imewekwa ili arudi mezani, wala haikuwekwa ili azoee kukaa. Petro alikula usiku ule na akamkana Yesu kabla jogoo hajawika. Kwa mpangilio wa Luka, hata mkono wa msaliti ulikuwa bado mezani baada ya kikombe kupita (Luka 22:20-21).

Akisema ana kinyongo na mtu aliyeketi viti viwili mbele yake, au kuna mfanyakazi ambaye hajamlipa ujira wake, hapo simwambii aende. Namwambia amtafute mtu huyo, hata kama ni katikati ya wimbo, na Meza itamngoja.