Mzibo wa iafoni ni nini, na kwa nini iafoni moja ina besi kwako halafu kwa mwenzako haina

Mtu anakwambia iafoni hizi hazina besi kabisa, mwingine anakwambia hizohizo zina besi mpaka kichwa kinauma, na mara nyingi wote wawili wanasema ukweli. Kinachowatofautisha ni mzibo. Mzibo maana yake ni vile ule mpira mdogo wa mbele, wa silikoni au wa sponji, unavyoziba tundu la sikio pande zote bila kuacha upenyo. Naongelea iafoni za kuingiza ndani ya sikio, zile za kukaa juujuu mlangoni mwa sikio zina habari yake nyingine.

Mimi nililielewa hili kwa mdogo wangu. Nilinunua iafoni Kariakoo, nikakaa nazo kama wiki mbili hivi nikiamini nimeuziwa feki, sauti nyembamba kama redio ya betri inayokaribia kuisha, nikampa yeye. Jioni yake tu akaja ananiambia kaka hizi mbona ziko vizuri hivi, umezikataa kwa nini? Nikazivaa tena, zilezile, wimbo uleule, hamna kitu. Ndo nikaangalia vizuri nikakuta alishabadilisha vimpira kaweka vidogo vya kwenye boksi, vinamkaa yeye barabara, kwangu vinaogelea. Na vile vilivyokuja vimefungwa kutoka dukani, vya saizi ya kati, navyo vilikuwa vidogo kwangu. Nikaweka vikubwa, besi ikarudi yote. Wiki mbili nzima tatizo lilikuwa kampira ambako hata gramu moja hakafiki.

Sasa kwa nini iwe besi na isiwe sauti zote? Fikiria pampu ya baiskeli. Ukiibana vizuri kwenye valvu, ukisukuma kidogo tu unasikia tairi inajaa, ila ikikaa vibaya utasukuma mpaka jasho likutoke na upepo wote unapitia pembeni. Ndani ya iafoni kuna kaspika kadogo sana, nyingi kipenyo chake ni kama milimita 10, na ili kakutolee besi inabidi kasukume na kuvuta hewa iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Besi ni mitetemo ya polepole, ule uzi mnene kabisa wa gitaa la besi unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, kwa hiyo hewa inapata muda wa kutosha kutoroka kwenye upenyo kabla msukumo haujafika kwenye ngoma. Sauti za juu kama matoazi, kayamba na ile sss ya muimbaji zinatetemeka maelfu ya mara kwa sekunde, hewa haiwahi kutoroka, zinafika kama kawaida. Ndo maana iafoni iliyokaa vibaya inasikika kali na kavu, kumbe ukali haujaongezeka hata kidogo, kilichoondoka ni besi ya kuubeba.

Kujua kama umeziba ni rahisi. Weka wimbo wenye besi unaoujua vizuri, amapiano au dansi la zamani lenye gitaa la besi linalotembea, halafu sukuma iafoni taratibu kwa kidole kuelekea ndani. Besi ikiongezeka ukisukuma na ikapungua ukiachia, hapo mzibo haupo. Fanya sikio moja moja kwa sababu watu wengi masikio yao hayalingani, mimi kulia nina saizi ya kati na kushoto kubwa na sioni shida kuvaa hivo. Halafu sema neno kwa sauti, ukisikia sauti yako inavuma ndani ya kichwa kama uko kwenye pipa, umeziba, maana mtetemo wa mifupa yako ambao kawaida hutokea nje kupitia tundu la sikio sasa umefungiwa ndani. Hiyohiyo ndo inafanya usikie unavyotafuna na unavyokanyaga ukitembea, iafoni haijaharibika. Piga na mwayo pia, taya likisogea tundu la sikio linabadilika umbo, na kama besi inakatika kila ukiongea ukiwa umezivaa, jaribu vimpira vya sponji.

Sponji zinavaliwa tofauti. Unaiminya kwa vidole mpaka iwe nyembamba, unavuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine ili tundu linyooke, maana tundu lenyewe limepinda, unaingiza, halafu unaishikilia kama sekunde 20 au 30 ivimbe. Wengi wanaichomeka bila kuiminya halafu wanasema sponji hazifai, jamani, hamjaipa nafasi.

Kuna na suala la kina. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5, na hewa inayobaki kati ya iafoni na ngoma ina sauti yake inayopenda kuivumisha, kama chupa unayoipuliza mdomoni. Ukiingiza zaidi nafasi inakuwa fupi na ule mvumo unapanda juu, ukiacha iafoni nje kidogo unashuka mpaka unaangukia kwenye herufi s na sh, muimbaji anaanza kuchoma sikio. Kwa hiyo unaweza ukawa umeziba kabisa, besi ipo, na bado wewe na mwenzako mkasikia sauti za juu tofauti. Kampuni ya Etymotic walipotoa iafoni zao za ER-4 mwaka 1991 waliweka vimpira vya ngazi tatu vinavyoingia ndani kweli, kuna watu hawavivumilii hata dakika tano, na mimi nawaelewa.

Hapo ndo linakuja suala la kulinganisha. Ukipewa iafoni mbili useme ipi nzuri zaidi, kwanza hakikisha zote mbili zimeziba kwako, kila moja na saizi yake ya mpira, usihamishe mpira uleule kutoka hii kwenda ile kwa lazima kwa sababu shingo zao, pale mpira unapovalishwa, zinatofautiana unene. Tumia simu moja, kipande kilekile cha wimbo, ikwalaiza, ile ya kuongeza au kupunguza besi na sauti za juu kwenye simu, izimwe. Halafu sawazisha ukubwa wa sauti wa zote mbili, hili watu wanalisahau kila siku, sikio linapenda iliyo juu zaidi hata kwa tofauti ndogo sana, kwa hiyo inayopiga kwa nguvu itashinda kabla hujasikiliza chochote. Na kama upande mmoja umefifia angalia kale kawavu ka mbele, nta ikiziba hapo utalaumu mzibo bure.

Faida nyingine ni kwamba ukiziba vizuri kelele za daladala zinapungua, huhitaji kupandisha sauti kushindana na injini na konda. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndo kiwango salama kwa mtu mzima, na ukiwa na mpira unaovuja kwenye gari la kelele unakipita bila kujua. Ila ukishuka kituoni toa moja kabla ya kuvuka barabara, bodaboda hutaisikia.