Je, wajua kwa nini kikapu cha 18 kinaweza kuuzwa bila kuongeza hata shilingi?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kitu kikiuzwa shilingi 4,800, mapato yamepanda kwa shilingi 4,800. Noti imeingia mkononi, kuna hesabu gani tena? Kumbe ipo. Ni hesabu ya mapato ya nyongeza: kiasi ambacho jumla ya mauzo hupanda unapouza kimoja zaidi.

Chukua msukaji wa vikapu vya ukili mwenye bei moja kwa wote. Kwa shilingi 5,000 anauza 10 kwa wiki, jumla 50,000. Ili cha 11 kitoke, lazima bei ishuke hadi 4,800, na inashuka kwa kila mnunuzi. Vikapu 11 mara 4,800 ni 52,800. Toa 50,000: kikapu cha 11 kimeongeza 2,800 tu. Zile 2,000 zimebaki kwa wateja 10 waliokuwa tayari kulipa 5,000. Kila mmoja amepunguziwa 200.

Fikiria unajaza mtungi wenye tundu. Kila kata unayomimina ni bei ya kikapu kipya. Kinachovuja ni punguzo la wateja wa mwanzo. Mimi nilikuwa nikiangalia kata peke yake. Kila safari kata inapungua, maana bei imeshuka, huku tundu likipanuka, maana wanaopunguziwa wameongezeka. Ndiyo sababu hapa bei ikishuka 200, mapato ya nyongeza hushuka 400. Kwa mwendo huohuo, yaani bei kushuka 200 kwa kila kikapu kipya, vikapu 17 kwa 3,600 vinaleta 61,200. Vikapu 18 kwa 3,400? 61,200 vilevile! Mteja wa 18 amelipa, kaondoka na kikapu chake, na jumla haikusogea.

Hasara huanza mapema zaidi. Kikapu kikigharimu 2,500 kukisuka, cha 11 kinaongeza faida ya 300. Cha 12, kwa bei ya 4,600, kinaleta nyongeza ya 2,400: faida imepungua 100, ingawa ukikitazama peke yake kimeuzwa juu ya gharama.

Mfaransa Antoine Augustin Cournot aliichambua hesabu hii mwaka 1838, kwa mfano wa mwenye chemchemi ya maji ya madini asiye na mshindani.

Lakini si kila muuzaji ana tundu hilo. Mkulima mwenye gunia moja zaidi la mahindi haitikisi bei ya soko, hivyo mapato yake ya nyongeza ni bei yenyewe. Halafu bei hazishuki kwa hatua sawasawa kama nilivyopanga hapa. Msukaji hujua kwa kujaribu, wiki hadi wiki. Na pale bei inapopatanwa na kila mteja kivyake, tundu karibu linazibika, ilimradi wateja wasiulizane njiani wamenunua kwa bei gani.